Eti dancehall haina ujumbe

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi na sherehe, ikiwemo rege na dancehall, muziki wa Jamaika uliotokana na rege, na karibu kila wiki mteja hunivuta pembeni: "Kaka, tuwekee rege yenye ujumbe, hizo dancehall za matusi achana nazo." Baada ya nusu saa anarudi kuomba "Toast" ya Koffee. Nimenyamaza vya kutosha.

Koffee, binti wa Spanish Town, Jamaika, aliyezaliwa mwaka 2000, anaimba rege na dancehall bila kuzitenganisha. "Toast" ya 2018, ambayo watu huinukia kucheza, ni wimbo wa shukrani kwa baraka alizopata. Kwenye "Raggamuffin" anawalilia vijana wa mitaani waliotelekezwa hadi wakaishia kwenye bunduki. Buju Banton naye, mghani mwenzake wa dancehall, Pan Head, alipouawa kwa risasi mwaka 1993, alitoa "Murderer" kumlaani muuaji. Hiyo ni dancehall tupu! Zipo za matusi na za kusifia bunduki, sikatai. Lakini rege nayo ina lovers rock, mapenzi mwanzo mwisho, na sijasikia mtu akiihukumu rege yote kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba maneno hayasikilizwi. Kaa chini, usicheze, rudia wimbo mara mbili huku unasoma mashairi yake, ndipo uje tubishane.

Na usiniambie patwa, lugha ya Wajamaika wanayoimbia, ni Kiingereza kibovu. Ina sarufi yake, na ina maneno yaliyovuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani: "unu", yaani nyinyi, ni Kiigbo.

Wasanii watatu kuimba juu ya biti moja si wizi, ndivyo riddim, yaani biti yenyewe, inavyotumika Jamaika. Deejay kule ni yule anayeghani. Mpigaji santuri kama mimi huitwa selekta. Wala si kila mwimba rege ni Rasta tangu utotoni: Koffee alikulia kwenye kwaya ya kanisa.

Januari 2020, akiwa na miaka 19, alishinda Grammy ya albamu bora ya rege kwa "Rapture", mwanamke wa kwanza kuichukua kwa jina lake mwenyewe. Mwanamke mwingine, Puma Jones, alikuwemo Black Uhuru walipoipata mwaka 1985, ila lile lilikuwa kundi. "Rapture" ina nyimbo 5 tu. "Toast" imo, na "Raggamuffin" imo.