Mguu wa kisukari ni nini?

Mguu wa kisukari ni mguu uliopoteza hisia, au usiopata damu ya kutosha, au vyote viwili, kwa sababu sukari imekaa juu kwa miaka. Kidonda huja baadaye.

Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu ndiyo hutangulia. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu ikipanda taratibu. Wengine husikia kuchomachoma, au nyayo kuwaka moto usiku. Wengine hawasikii chochote, na hao ndio wa kuhofia zaidi: mtu anakanyaga msumari asubuhi Manzese, anakuja kuuona jioni akivua kiatu. Madaktari wa hapa Dar es Salaam wamewahi kuandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala.

Mishipa ya damu nayo ikiziba, kidonda hakipati cha kukiponya, na vijidudu hustawi. Watu wanakiita kidonda ndugu, wanaanza asali, majivu, unga wa kapsuli. Siku zinakwenda. Mguu ambao pengine ungeokolewa wiki ya kwanza unaishia kukatwa.

Kwa hiyo macho yafanye kazi ya maumivu. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole penye mwanga. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni au mwite mjukuu akuangalizie. Maji ya moto yapime kwa kiwiko. Ukishaosha miguu, kausha vizuri, paka mafuta kisigino na unyayo, ila katikati ya vidole pabaki pakavu. Wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wanaokwangua visigino kwa wembe barazani, mgonjwa wa kisukari awapishe tu. Najua joto la Dar na viatu vya kufunika havipatani, lakini kandambili hazikingi kitu. Nunua kiatu kipana, ukakijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na kikung'ute kila unapotaka kukivaa. Sigara, acha.

Ukiona malengelenge, uvimbe, usaha, harufu au ngozi kubadilika rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hapaumi.

Sukari yenyewe isipimwe ya asubuhi tu. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na watu wazima wengi hulengwa chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee daktari anaweza kulegeza. Miguu nayo ipimwe hisia walau mara moja kwa mwaka, kwa uzi mgumu wa nailoni unaoguswa kwenye unyayo ukiwa umefumba macho. Kliniki zina foleni, na ni rahisi kutoka umepimwa sukari na presha, viatu viko mguuni. Vivue kabla hujaambiwa.