Kompyuta ya ofisini kugeuzwa ya gemu: dhana potofu na ukweli

Kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Vijana wengi wanaoanza gemu za kompyuta huanzia hapo, na hapohapo hukutana na maneno ya mtaani yanayowagharimu fedha walizodunduliza kwa miezi. Wadogo zangu huniuliza mambo haya kila mara, kwa hiyo nayaeleza kama ninavyoyasikia.

"Ikiwa na RAM kubwa, inacheza gemu yoyote"

Kauli hii imeuza kompyuta nyingi sana. Unaambiwa prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni i7, na RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ni gigabaiti 16, unalipa. Ukifika nyumbani, gemu inatembea kama picha za mnato zinazopishana. Anayechora kila fremu, yaani kila picha inayopita kwenye skrini, ni kadi ya grafiki, na mashine nyingi za ofisini hazina kadi. Zina grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, iliyokusudiwa barua na majedwali. RAM inahitajika mpaka gemu ipate nafasi ya kukaa. Ikishatosha, ukiongeza nyingine huoni tofauti.

Lakini kuna jambo la RAM ambalo wauzaji hawalisemi. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya kompyuta. Kipande kimoja cha gigabaiti 8 kinaipa njia moja ya kupitisha data. Vipande viwili vya gigabaiti 4, kila kimoja kwenye mkondo wake, vinaipa njia mbili, na gemu inalainika waziwazi ingawa jumla ni ileile. Kabla hujawaza kadi, fungua kasha uhesabu vipande. Hii ndiyo nyongeza ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua.

"Kadi yoyote itaingia"

Haitaingia. Kasha jembamba la ofisini linakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa ziada wa kulishia kadi. Kadi itategemea umeme wa tundu inapochomekwa, na tundu hilo hutoa wati 75, basi. Ndiyo sababu mafundi wanaojua kazi hukuelekeza kwenye kadi za GT 1030, au zile GTX 1650 fupi zisizo na tundu la waya. Pima kasha, tazama waya, ndipo ulipe.

Halafu kuna feki. Mwaka 2019 niliuziwa kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti. Windows iliitambua kwa jina hilohilo, ila kila nikifungua gemu nzito kompyuta ilizima. Kumbe ndani mlikuwa na chipu ya zamani ya kizazi cha GTX 550 Ti, imebadilishwa jina kwenye programu yake ya ndani. Iliniuma sana, maana muuzaji nilimwamini. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikionya juu ya kadi za namna hii tangu 2018. Iweke kwenye flashi na uijaribu kadi palepale dukani. Muuzaji akikataa, ondoka.

"Gemu za kompyuta ni za matajiri, bora PlayStation"

Hapa pana ukweli na upotofu, vimechanganyika. Gemu za Dota 2 na Counter-Strike 2 huchezwa bure. Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016, inaridhika na RAM gigabaiti 2. Kucheza na wenzako mtandaoni hakuna ada ya mwezi, wakati PlayStation hudai uanachama kwa gemu nyingi za kununua. Na mashine hiyohiyo inaandika CV na kuhariri video ya harusi. Umeme nao si wa kutisha: kompyuta inayovuta wati 250 kwa saa 4 imekula uniti 1 ya Luku.

Gharama inayouma ni bando. Counter-Strike 2 peke yake inaomba nafasi ya gigabaiti 85, na masasisho hayaishi. Mwenye PlayStation ya kutumia diski hununua diski ya mtumba, akiichoka anaiuza au anabadilishana na jirani. Gemu uliyonunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, huwezi kumuuzia mtu, maana ulichonunua ni leseni ya kuitumia. GOG, duka jingine la namna hiyo, angalau hukuruhusu kupakua faili la kusakinisha ulihifadhi mwenyewe kwenye diski yako.

Kingine ni upweke. Kwenye banda la gemu kuna padi mbili, skrini moja, na benchi zima la washauri. Kompyuta ya chumbani haina benchi hilo, na nakiri hulikosa.

"Ya kukraki ni bure"

Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu kirusi ilichokiita Crackonosh, kilichofichwa ndani ya gemu za kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli ili zichezwe bila kulipiwa. Kilizima kinga za Windows, kisha kikaitumikisha kompyuta kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya wengine. Mwenye mashine alibaki na feni inayolia na bili ya umeme.

"Laptopu yenye kadi ileile ni sawa na ya mezani"

Jina linaweza kuwa moja, chipu ikawa nyingine. Kadi ya RTX 4090 ya mezani ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, ya laptopu ina 16, na chipu yake ni ndogo zaidi. Ongeza joto la Mombasa au Dar: laptopu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

"Ukinunua intaneti ya kasi, gemu haikwami"

Kasi ya kupakua na muda wa ujumbe kwenda na kurudi ni vitu viwili tofauti. Mwanga unaobeba data ndani ya mkongo wa intaneti husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, ikiwa umbali wa kilomita 7,000, yaani Ulaya, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata mkongo ungenyooka kama rula, nao haunyooki. Hakuna kifurushi kinachoondoa bahari. Tafuta seva iliyo karibu, na unganisha kwa waya badala ya Wi-Fi.

"Ni ulevi na kupoteza muda"

Wazazi wana haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa gemu katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kwa kawaida dalili zinatakiwa zidumu miezi 12: mtu ameshindwa kujizuia, na maisha yake yameharibika. Kucheza Jumamosi nzima hakutoshi kuitwa mgonjwa.

Na kompyuta, tofauti na PlayStation, inakuruhusu kuifungua gemu na kuibadilisha. Counter-Strike yenyewe ilianza 1999 kama marekebisho ya gemu nyingine, Half-Life, yaliyofanywa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Mdogo wangu ameanza na jezi za Simba na Yanga kwenye gemu ya mpira. Nembo bado zinamkataa, zinatokea zimepinda begani, na usiku huu bado anahangaika nazo.