Kukosa picha si kuwa feki

Wengi wakikagua wafuasi wa mtu mtandaoni, kuona kama ni wa kweli, hutafuta akaunti zisizo na picha, basi, wameshahukumu: feki! Mjomba aliyejiunga jana naye hana picha, na ni mtu kamili. Mwaka 2018 gazeti la The New York Times liliianika kampuni ya Devumi ya Marekani, muuza wafuasi bandia. Maelfu ya akaunti zake zilibeba picha na majina ya watu halisi, yaliyoibwa.

Tazama mwenendo, siyo sura. Akaunti inafuata watu elfu saba, haijaposti chochote, na komenti zake ni emoji za moto tu kila mahali, hata kwenye tangazo la msiba. Kisha shuka kwenye posti za mwenye ukurasa: wafuasi laki mbili, laiki arobaini? Muulize bei.