Mchimbaji mzoefu hahitaji mafunzo ya usalama? Si kweli

Wachimbaji wengi wakongwe huamini kuwa mafunzo ya usalama ni ya wageni. Eti pua na masikio yao yameshaujua mgodi. Masikio, sawa: mwamba unaotaka kuporomoka mara nyingine hulia kwanza. Lakini pua ni shahidi mbaya. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi. Salfidi ya hidrojeni, gesi nyingine ya sumu, hunuka kama yai viza, ila ikizidi huua uwezo wa kunusa. Mtu hudhani gesi imeondoka, kumbe ndiyo imekolea. Metani nayo, gesi inayowaka, ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua.

Ndiyo maana mafunzo hurudiwa: kusoma kipima gesi, kuvaa gizani, kwa kupapasa, kifaa cha kupumulia cha kujiokoa, kutomfuata kichwakichwa mwenzako aliyezimia shimoni (wengi hufia hapo hapo wakijaribu kuokoa). Na asikudanganye mtu kwamba ujilipie. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unamtaka mwajiri ayatoe mafunzo na kuyarudia bila kumtoza mfanyakazi.