Farasi wengi hawafanyi lori kuwa bora kwa safari ndefu

Wengi huamini kwamba kwa safari ndefu, kichwa cha trela chenye farasi wengi (kipimo cha nguvu ya injini) ndicho bora. Sivyo. Kinachoung'oa mzigo mzito ni nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ikipitia gia na difu, zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi. Injini nyingi za kisasa za dizeli huitoa kwa wingi kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika.

Difu ndiyo husahaulika. Yenye uwiano wa 4.10 huhitaji propela shafti (mhimili wa kutoka giaboksi hadi difu) izunguke mara 4.10 kwa kila mzunguko wa tairi: mlima inaupanda vizuri, lakini kwenye tambarare injini hulia kutwa na kunywa mafuta. Ya 2.64 hutulia ukikimbia, ila mlimani utashusha gia mapema. Basi anza na njia yako na uzito wa mzigo.

Na kabla ya kulipa, lala kwenye kitanda cha kebini, unyooshe miguu.