Udaku si lugambo tu

Mjini Kampala, ukimwuliza muuzaji wa soko la Owino maana ya udaku, huenda akakujibu upesi: "Si lugambo hiyo?" Wengi wameshika hivyo miaka nenda miaka rudi. Amekaribia, ila hajafika. Lugambo, yaani umbea kwa Kiganda, ni kazi ya mdomo: habari inabebwa huku na kule. Udaku huanzia kwenye jicho na sikio. Mdaku ni yule jirani anayehesabu mifuko unayoshusha kwenye bodaboda, kisha akuulize wageni wametoka wapi na watalala siku ngapi. Akishapata, mara nyingi hutangaza, ndiyo maana maneno haya yakachanganywa. Magazeti ya udaku ya Dar es Salaam nayo yamechangia, maana yanachimba na kutangaza kwa pamoja.

Kosa zito zaidi, kwangu mimi, ni kumwita mdaku mwanafunzi anayeuliza sana. Huyo ni mdadisi. Udadisi waweza kuelekea kwenye nyota, injini au historia ya Buganda. Udaku hutafuta faragha za watu. Kudukua ni jambo jingine: kusikiliza kwa siri, na siku hizi kuingilia kompyuta za wengine.