Usimfukuze dereva kwa sababu ya mshale wa mafuta

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na mwezi ambao bei imepanda mimi hupata wateja wa aina moja. Hawa hawaji na gari bovu, wanakuja na kesi. "Fundi, nimempa dereva hela ya lita 20, kaweka, risiti ninayo, lakini mshale umeishia robo. Huyu ananinyonyea mafuta." Juzi kaja mzee mmoja wa heshima zake, ana Hilux ya kubebea matofali huko Goba. Dereva ameshamfukuza, anachotaka kwangu ni uthibitisho tu, utadhani mimi shahidi wa upande wa mashtaka.

Nimechoka kueleza kwa mdomo. Naandika hapa, akija mwingine namtumia hii asome akiwa kwenye benchi.

Mshale wa mafuta haujui lita. Unachojua ni floti imeelea juu kiasi gani ndani ya tenki, na hata hilo unalisikia kwa mbali: floti inanyanyua mkono, mkono unasugua rezista, rezista inabana au kuachia umeme unaokwenda kwenye geji, geji inasogeza mshale. Habari mpaka ifike machoni pako imepita vinywa vingi kama umbea wa uswahilini, na gari lenyewe lina miaka 30.

Turudi kwenye lita 20 za mzee. Mkono wa floti haufiki chini kabisa ya tenki. Unagota kwenye kizuizi chake, na chini ya hapo kuna mafuta ambayo geji haiyaoni kabisa. Tuseme kwenye tenki la lita 65 mafuta hayo ni lita 8. Dereva ametembea na E, alama ya tupu, mpaka zimebaki lita 2. Umempa hela ya lita 20, kaziweka zote kwa uaminifu wake. Lita 6 za kwanza zimeishia kuinua mafuta hadi pale floti inapoanza kunyanyuka, mshale haujatikisika. Zilizobaki kuonekana ni 14. Kwenye tenki la 65 hiyo ni robo, tena robo ya kubahatisha. Hakuna aliyeiba. Kama angeweka lita 20 zilezile wakati mshale uko kwenye robo, ungepanda vizuri tu na bosi angelala usingizi. Dereva huyohuyo, sheli ileile, mafuta kiasi kilekile.

Juu nako kuna upofu kama huo. Floti huweza kugota juu kabla tenki halijajaa kabisa, kwa hiyo zile lita za mwisho nazo hazionekani. Unajaza Ubungo, unakwenda Kibaha na kurudi, mshale umeganda kwenye F, alama ya kujaa. Tajiri anafurahi, anawaambia wenzake gari lake halili mafuta. Kesho yake mshale unashuka kwa kasi na dereva anaitwa mwizi. Sijawahi kumsikia tajiri akimsifu dereva kwa sababu mshale haukushuka, hilo nalo niliseme.

Halafu umbo. Tenki la pikapu si ndoo. Limekunjwa kupisha propela shafti na chesisi, huku limebonyea, kule limepanuka, mara nyingi chini ni jembamba kuliko juu. Nusu ya kimo si nusu ya lita. Ndiyo maana nusu ya chini huisha haraka kuliko nusu ya juu, na hapo watu huanza kutafuta bomba linalovuja.

Sasa niingie kwenye kinachonikera hasa, maana hata mafundi wenzangu wanakiruka.

Toyota nyingi za miaka ya 1990, rezista ya floti husoma kama omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) tenki likijaa na kama omu 110 likiwa tupu. Muulize mtu nusu ni ngapi, atagawanya kwa mbili: 55 na ushee. Hapana. Nusu ni kama 32. Kipimo hakikugawanywa sawasawa, upande wa F omu zimebanana na upande wa E zimetawanyika. Wengi wanadhani hili ni jambo la vitabuni tu. Angalia linachofanya mtaani. Floti hupata hasi yake, yaani njia ya umeme kurudi betri, kwenye bodi, kupitia waya mfupi au skrubu za mfuniko wake. Hapa Dar kuna chumvi ya bahari, kuna tope la masika, kuna maji ya chumvi ya kisima ya kuoshea magari, na kuna mafundi rangi wanaopuliza tenki zima, skrubu na waya wa bodi vyote ndani. Ile hasi inaanza kushika vibaya na kuongeza omu zake. Tuseme zimeongezeka 10.

Tenki likikaribia kuwa tupu, 110 imekuwa 120: mshale uko E vilevile, hakuna anayegundua. Kwenye nusu, 32 imekuwa 42: mshale umeshuka kidogo, mtu ananung'unika. Tenki likijaa, 3 imekuwa 13: mshale hautaki kabisa kufika F, unaishia karibu na robo tatu. Tatizo moja, kutu ileile, lakini uongo wake ni mkubwa pale unapotoka kulipa hela nyingi. Wewe una hasira mbele ya pampu, risiti mkononi, unaangalia dashibodi na unaona umeibiwa. Mtu anafungua kesi na sheli, mimi nasugua skrubu kwa msasa, nabana waya mpya hadi kwenye chesisi, kazi imekwisha.

Kwa hiyo sheria yangu: mshale ambao haufiki F lakini E iko sawa, anza na hasi ya bodi kabla ya kununua chochote. Usinunue mita ya dashibodi ya mtumba kule mtaa wa Gerezani. Watu wananunua mita nzima, wanabadilisha, tatizo liko palepale, na sasa hata odomita, ile ya kuhesabu kilomita, si ya gari lile.

Kuna jaribio la dakika tano. Chomoa soketi ya floti, fungua swichi bila kuwasha injini. Kwenye Toyota hizi mshale unatakiwa ushuke E. Kisha unganisha ule waya wa geji kwenye bodi kupitia balbu ndogo. Vitabu vya Toyota vinataka ya wati 3.4, nami nakubaliana navyo, maana ukiugusisha moja kwa moja na kuuacha unaweza kuikaanga geji. Mshale unatakiwa upande kuelekea F. Ukipanda na kushuka hivyo, geji na waya ni wazima, ugonjwa uko kwenye tenki. Usipocheza, panda juu ukatafute kwenye waya na dashibodi. Fanya hayo kwenye soketi ya mbali na tenki, si juu ya tundu lililo wazi. Petroli inashika moto kwa mvuke wake, cheche ndogo inatosha. Na anayekuja na tenki la petroli lililotoboka akitaka lichomelewe bila kuoshwa kwanza, mimi nahama mtaa.

Angalizo kwa mnaosoma mitandao ya Wamarekani: mambo yao yamegeuka. Chevrolet za zamani, omu 0 ni tupu na 90 ni kujaa, kwa hiyo waya ukikatika mshale unaruka kupita F. Ford za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa 73 tupu na 10 kujaa, kisha wakageuza, ikawa 16 tupu na 158 kujaa. Sasa mtu anakwenda dukani, ananunua floti ya bei rahisi "inayoingia gari lolote", ya omu 0 hadi 190, anaifunga kwenye Hilux, akijaza mafuta mshale unalala E. Ananiuliza kwa nini. Ndugu yangu, hakuna floti ya gari lolote. Pima kwa testa kabla hujalipa.

Mshale wa mafuta na wa joto la injini vikipotea kwa pamoja, sahau tenki. Kwenye geji za zamani vyote viwili hupata umeme kutoka regyuleta moja ndogo, kifaa cha kusawazisha umeme, nyuma ya dashibodi. Hiyo ndiyo ya kuangalia, pamoja na hasi ya dashibodi yenyewe.

Tuje kwa wale wa "tenki ni lita 65, risiti imeandika 68". Kwanza, nani kakwambia ni 65? Hilux za umbo moja za kizazi hicho zilitoka na matenki tofauti. Kwa soko la Marekani peke yake kulikuwa na ya kama lita 52, 65 na 73, kutegemea bodi na kama ni ya gurudumu nne. Umesoma namba kwenye simu, gari lako likaletwa na meli kutoka soko jingine. Pili, namba ya kiwanda si ya mpaka kwenye kifuniko. Juu huachwa nafasi ya mafuta kutanuka, na kuna shingo ya kujazia na mpira wa kupumulia. Pampu ikikata mara ya kwanza na wewe ukasema "ongeza, ongeza, zungusha iwe namba nzima", lita hizo zinakwenda huko. Tatu, pikapu ya umri huu huenda tenki lake si lake. Limeshatolewa, limeshachomelewa, au ni la gari jingine kabisa. Jingine limebonyezwa na jiwe na limepungua.

Wengine wanasema ni joto la Dar, mafuta yanatanuka. Yanatanuka, ndiyo, lakini petroli ni kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 10 kwenye lita 65 haifiki hata lita moja. Joto lisisingiziwe.

Je, sheli hazipunji? Sijasema hivyo. Risiti ikizidi kwa lita tatu nne sioni ajabu. Ikizidi kwa 15 na tenki ni la asili, hapo siwatetei. Lakini ushahidi ni kipimo. Wakala wa Vipimo hukagua pampu kwa chombo maalumu cha lita 20 na kuweka muhuri, malalamiko yako yapeleke huko. Na usilete dumu la mafuta ya kula ukasema "lita 20 hazijajaa". Dumu la 20 likijazwa hadi mdomoni linabeba zaidi ya 20, kwa hiyo hata pampu ya haki itaonekana ya kipunjaji.

Nikiri mambo mawili. Vitabu vinakataza kukunja mkono wa floti, vinataka ubadilishe floti nzima. Mimi naukunja. Spea halisi ya gari la mwaka 1992 ni shida kupatikana, na nyingi zinazoitwa halisi ukizipima hazisomi sawa hata zenyewe kwa zenyewe. Kama nafanya vyema au nasogeza uongo kutoka juu kwenda chini, sina hakika. La pili, kuna geji ambazo asubuhi zinasema kweli na mchana zinadanganya. Nashuku sakiti ya plastiki nyuma ya dashibodi inapopata joto, nagusa viungo kwa risasi ya kuchomelea upya, nyingine zinapona, nyingine zinarudi baada ya mwezi. Sijapata jibu la kuapia.

Tajiri anayetaka kujua ukweli kuhusu dereva wake afanye hivi. Jaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Gari lifanye kazi yake. Rudi sheli ileile, pampu ileile, simama palepale, jaza mpaka ikate, gawanya. Rudia mara kadhaa kabla hujafungua mdomo, maana siku ya matofali na siku ya magodoro hazilingani. Dizeli hutoa povu na pampu hukata mapema, mwambie mhudumu ajaze polepole. Odomita imekufa? Najua imekufa, pikapu nyingi za hapa odomita ilikata roho zamani, waya wa spidi umekatika tangu mwenye gari wa tatu. Tengeneza hiyo kwanza, ni rahisi kuliko kumtafuta dereva mpya.

Na ile taa ya njano ya mafuta, wengi wameichomoa kwa sababu inawakera. Irudisheni. Kwenye gari nyingi taa ile haitegemei rezista ya floti. Ina kihisi chake kidogo karibu na sakafu ya tenki, kikizama kwenye mafuta kinapoa na taa inazima, kikitoka nje kinapata joto na taa inawaka. Geji inaweza kuwa imekufa kabisa na taa ikasema kweli. Kwa mwenye dizeli hiyo ndiyo tofauti ya kufika sheli na kukesha pembeni ya Barabara ya Kilwa unapiga pampu ya mkono kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Mara nyingi ni balbu tu imeungua, na huna haja ya kuja kwangu kubadilisha balbu.